Kugeuza chumba cha chini cha nyumba ya mlimani kuwa sehemu ya kuishi

Ukitoka Munanila kuelekea Muyama, au ukizunguka vilima vya Manyovu kwa ujumla, kiwanja cha tambarare ni bahati. Nyumba nyingi zimekaa kwenye mteremko. Mlango wa mbele uko sawa na njia, lakini upande wa bondeni msingi umepanda juu kuliko kimo cha mtu. Chini ya nyumba hiyo mara nyingi kuna nafasi. Wengine wameiacha wazi kwa kuni na majembe, wengine wameifanya banda la mbuzi, na wengine wameijaza kifusi na kuisahau.

Siku hizi familia nyingi zinaitazama nafasi hiyo kwa jicho jingine. Watoto wamekua, wageni wanakuja, mahindi na maharage yanahitaji stoo, na kujenga nyumba nyingine ni gharama. Swali linalotufikia ni hili: je, naweza kuifanya sebule ya pili, chumba cha wageni au mahali pa watoto kusomea?

Jibu ni ndiyo kwa nyumba nyingine na hapana kwa nyumba nyingine. Makala hii inaeleza namna ya kujua yako iko upande gani, na kama inafaa, kazi ianzie wapi na iishie wapi.

Kwa kifupi

- Kama chini ya sakafu kuna kifusi, usikichimbe kabla mhandisi hajaona.
- Shughulikia maji kwanza. Rangi na samani ni vya mwisho.
- Chumba kiwe na madirisha, matundu ya hewa na mlango wake wa kutokea nje.
- Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba hicho, hata usiku wa baridi kali.
- Acha msimu mmoja wa mvua upite kabla hujahamishia watu.

Jua kwanza nyumba yako imejengwaje

Kwenye mteremko mafundi wetu hutumia njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuchonga mlima hadi kiwanja kiwe sawa. Hapa nyumba inakaa kwenye udongo wa asili, na hakuna nafasi chini.

Njia ya pili ni kupandisha msingi upande wa bondeni, kisha kujaza udongo, mawe na kifusi ndani yake hadi usawa wa sakafu. Ndiyo njia ya kawaida kwa sababu ni nafuu. Kwa nje unaona ukuta mrefu, na unaweza kudhani kuna chumba kimefichwa humo. Hakuna. Sakafu unayokanyaga imelalia kile kifusi. Ukikitoa, sakafu inabaki bila kitu cha kuishika, na kuta za msingi zinabaki bila udongo uliokuwa umezikaba pande zote mbili.

Njia ya tatu ni kuacha uwazi chini na kumwaga jamvi la zege lenye nondo juu yake, au kuweka boriti na mbao. Hii ndiyo nyumba yenye chumba cha chini cha kweli, ambacho mjini hukiita andagraundi. Kazi tunayoieleza hapa inaihusu nyumba ya namna hii.

Kama hukuijenga wewe, muulize aliyekuuzia au fundi aliyeisimamia. Unaweza pia kugonga sakafu ya juu kwa mpini wa jembe. Penye kifusi sauti huwa nzito, na penye uwazi huwa na mwangwi. Hata hivyo usitegemee sauti peke yake, kwa sababu kifusi kilichozama kinaweza kuacha uwazi mdogo chini ya sakafu.

Kwa nini kuchimba chini ya nyumba ni hatari

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa kwenye shughuli zao za biashara, na wengine waliokolewa baada ya kukaa saa nyingi chini ya kifusi. Mashuhuda walieleza kwamba kulikuwa na kazi ya kuchimba na kupanua sehemu ya chini ya jengo, na Serikali iliunda kamati ya kuchunguza majengo ya eneo hilo.

Nyumba ya Manyovu si ghorofa la Kariakoo, lakini uzito hufanya kazi kwa namna ileile. Ukuta hupeleka mzigo wake kwenye udongo ulio chini na pembeni ya msingi. Ukichimba pembeni ya msingi hadi kufika chini ya kitako chake, udongo ule hukosa cha kuuegemeza na huanza kutoka kwa pembeni. Ukuta unaweza kusimama wiki nzima bila kuonyesha kitu, kisha mvua moja ikauangusha.

Jambo lingine ni tetemeko. Tunaishi kandokando ya Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea eneo la Ziwa Tanganyika na kuangusha nyumba upande wa Kalemie, Congo. Nyumba iliyopunguzwa kuta za chini ili kupata sebule pana ndiyo huumia mapema ardhi inapotikisika.

Kwa hiyo shika kanuna hizi:

- Usichimbe chini ya kitako cha msingi. Kama chumba ni kifupi na unataka kuongeza kimo kwa kushusha sakafu, hiyo ni kazi ya mhandisi. Huimarishwa vipande vifupi vifupi vya msingi kwa zamu, na kipande kimoja hukaushwa kabla ya kingine kufunguliwa.
- Usibomoe ukuta wa chini ambao juu yake kuna ukuta mwingine.
- Usitoboe mlango au dirisha bila kuweka lenta ya zege yenye nondo juu yake, na mirunda ya kushikilia hadi zege likauke.

Kama nyumba yako ni ya kifusi, usikate tamaa. Unaweza kujenga chumba kipya upande wa bondeni, chenye msingi wake na paa lake, kisichogusa kifusi cha zamani. Mara nyingi kinakuwa nafuu kuliko kuhamisha udongo, na nyumba inabaki salama.

Kagua ukuta na nyufa

Tafuta mambo manne kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

La kwanza ni ufa wa kulala katikati ya ukuta unaoshikilia udongo upande wa mlimani, au ukuta wenyewe kujaa tumbo kwa ndani. Hiyo ni dalili kwamba udongo unausukuma. Ukuta huo unahitaji kuimarishwa au kujengwa upya, na lipu haitasaidia.

La pili ni ufa unaopanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali. Huo mara nyingi husema upande mmoja wa msingi umezama. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe. Rudi kila mwezi. Ufa uliotulia unaweza kuzibwa, lakini unaoendelea kutembea unahitaji mtaalamu.

La tatu ni aina ya tofali. Matofali ya kuchoma tuliyoyazoea hunyonya maji, na yaliyoiva nusu humomonyoka yakikaa kwenye unyevu. Ukuta wa tofali mbichi uliogusana na udongo wa mlimani haufai kabisa kuwa ukuta wa chumba cha kulala.

La nne ni unga mweupe ukutani. Watu wengi huudhani ni chokaa. Ni chumvi iliyokuwa kwenye udongo na matofali, imeletwa juu na maji, maji yakakauka na yenyewe ikabaki. Ukiuona ujue ukuta unapitisha maji.

Kuna jaribio rahisi la unyevu. Chukua kipande cha nailoni cha ukubwa wa mita moja kwa mita moja, kibandike ukutani au sakafuni na uzibe kingo zote kwa gundi ya karatasi. Kiache siku mbili. Ukikuta matone upande uliogusa ukuta, maji yanatoka ardhini. Ukikuta matone upande wa chumbani, tatizo ni hewa nzito isiyotoka. Dawa za matatizo haya mawili ni tofauti, kwa hiyo jaribio hili linakuokolea fedha.

Maji: kazi ya kwanza na kubwa kuliko zote

Nyanda zetu hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Maana yake paa la mita za mraba 80 linakusanya lita 80,000 au zaidi kila mwaka. Kama nyumba haina gata, maji yote hayo yanaanguka kwenye kitako cha ukuta, na kitako hicho ndicho ukuta wa chumba chako cha chini.

Fuata mpangilio huu:

1. Funga gata paa lote, na bomba lipeleke maji kwenye tangi au mbali na nyumba upande wa bondeni.
2. Chimba mtaro upande wa mlimani, mita chache kutoka ukutani, uyapokee maji ya kilima na kuyazungusha pembeni ya nyumba.
3. Inamisha ardhi inayozunguka nyumba ili maji yaukimbie ukuta. Kipande cha mita moja na nusu hadi mbili kikisakafiwa ni bora zaidi.
4. Pale ukuta unaposhikilia udongo, fukua nje wakati wa kiangazi kwa vipande, bila kufika chini ya kitako cha msingi. Piga lipu ya saruji moja kwa mchanga mitatu iliyochanganywa dawa ya kuzuia maji, kisha jaza mawe na kokoto badala ya kurudisha udongo mtupu. Chini ya mawe laza bomba lenye matundu linalotokea bondeni, ili maji yapate njia.

Lipu ya ndani peke yake haizuii maji. Inayaficha mwaka mmoja au miwili, kisha inabanduka kama ganda la muhogo. Maji yazuiwe upande yanakotokea.

Angalia pia choo cha shimo na karo. Kama viko upande wa mlimani, juu ya chumba cha chini, maji yake yatafuata mteremko hadi ukutani kwako. Hapo haitoshi kupiga lipu. Choo kihamishiwe upande wa bondeni, mbali na nyumba na mbali na chanzo cha maji, kabla mtu hajalala chumba hicho.

Sakafu

Sakafu ya udongo chini ya nyumba haikauki. Ondoa tabaka laini la juu bila kuvuka kina cha msingi, shindilia mawe au kifusi safi kwa unene wa sentimita 15, mwaga mchanga kidogo, kisha tandika nailoni nene. Kingo za nailoni zipande kidogo ukutani, na vipande vilaliane kwa sentimita 30. Juu yake mwaga zege la sentimita 10 kwa kipimo cha saruji moja, mchanga miwili, kokoto nne.

Kwa chumba cha mita 4 kwa 5, zege hilo ni mita 2 za ujazo, na litakula takribani mifuko 12 hadi 13 ya saruji. Limwagilie maji kwa siku saba. Fundi anayekuambia linaweza kukaliwa kesho yake anakupa sakafu itakayotoa vumbi miaka yote.

Pima kimo kabla ya kumwaga. Kutoka sakafu iliyokamilika hadi dari kukiwa na mita 2.4, chumba kinakaa vizuri. Chini ya mita 2.1 kiache kiwe stoo, kwani mtu mrefu atainama na hewa itakuwa nzito.

Hewa, mwanga na njia ya kutokea

Kanuna ya kawaida ni kwamba madirisha yafikie angalau sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba chetu cha mfano kina mita za mraba 20, hivyo kinahitaji madirisha ya mita za mraba 2, yaani mawili ya mita moja kwa mita moja. Yaweke upande wa bondeni. Kwenye ukuta wa pembeni au karibu na dari toboa matundu ya hewa, ili hewa iingie upande mmoja na kutoka upande mwingine. Yote yawekewe nyavu za mbu na wadudu.

Chumba kiwe na mlango wake wa kutokea nje. Ngazi ya ndani inayopanda nyumba ya juu haitoshi. Moto ukianzia juu, aliye chini awe na njia.

Sasa jambo la kifo na uzima. Juni na Julai usiku wa huku ni baridi, na wengi huingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husikia usingizi na kichefuchefu, kisha hulala asiamke. Chumba cha chini chenye ukuta wa udongo upande mmoja hushika gesi hiyo kuliko chumba cha juu. Jiko la mkaa lisiingie humo hata kama limebaki makaa mekundu yasiyotoa moshi, na jenereta vilevile. Ongeza blanketi.

Pikipiki nayo isilale chumba kimoja na watu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukaa chini, na mshumaa mmoja unatosha kuuwasha.

Kukipamba na kukigawa

Chumba kikishakauka, kukifanya kipendeze hakuhitaji fedha nyingi.

Rangi nyeupe au ya maziwa hurudisha mwanga. Kwa ukuta ambao bado unapumua unyevu kidogo, chokaa inafaa kuliko rangi ya mafuta, kwa sababu rangi ya mafuta huziba unyevu ndani na kufanya malengelenge. Mkanda wa rangi ya kahawia chini, kimo cha goti hadi kiuno, huficha uchafu wa viatu na wa mikono ya watoto.

Chumba kimoja kinaweza kufanya kazi tatu. Upande wa madirisha weka meza ya watoto kusomea na viti vya kukalia mchana. Upande wa ndani weka kitanda cha mgeni, ukitenge kwa pazia la kitenge kwenye waya. Kona ya tatu, iliyotengwa kwa mbao au ukuta mfupi, iwe stoo. Benchi lenye sanduku ndani yake ni kiti mchana na kabati la mablanketi. Samani zikae kiganja kimoja mbali na ukuta wa mlimani ili hewa ipite, na mikeka ianikwe nje mara kwa mara.

Kwa umeme wa TANESCO tumia fundi mwenye leseni, na soketi ziwe juu, si karibu na sakafu. Kwa sola, taa mbili zinatosha: moja mezani, nyingine mlangoni.

Kama stoo itakuwa na mazao

Mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu unaozalisha sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyochafuliwa. Haiondoki kwa kupika.

Mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13. Bila kipimo, tia punje kiasi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, kisha acha dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Magunia yakae juu ya chaga za mbao, sentimita 15 au zaidi kutoka sakafuni na nusu mita kutoka ukutani. Kahawa nayo hunyonya unyevu na harufu, kwa hiyo isikae pamoja na petroli, vitunguu au dawa za shamba. Dawa za shamba zisikae kabisa kwenye chumba ambacho mtu analala.

Uanze lini na umwone nani

Fukua, chimba mitaro na rekebisha kuta kati ya Juni na Septemba, ardhi ikiwa kavu. Mwaga sakafu na funga madirisha kabla mvua za Oktoba na Novemba hazijakolea. Kisha subiri. Mvua ikinyesha ingia humo na tochi, pitisha mkono ukutani, nusa hewa. Yakitokea maji, bado hujapoteza rangi wala samani. Chumba kikipita hadi Mei kikiwa kikavu, piga rangi na ukaribishe wageni.

Kama bajeti haitoshi kwa yote, igawe kwa miaka miwili: gata na mitaro mwaka huu, sakafu na madirisha mwakani. Mitaro pekee tayari inailinda nyumba nzima.

Kwenye maeneo ya mji, kubadilisha jengo kunahitaji kibali cha halmashauri. Kijijini anza na ofisi ya mtendaji, na uombe akuelekeze kwa mhandisi wa halmashauri. Ada ya mtu kuja kukagua ni ndogo kuliko thamani ya nyumba. Mpeleke chini akaone mwenyewe, usimweleze kwa mdomo tu.

Na akikuambia nafasi hiyo haifai kuishi mtu, mkubalie. Iache iwe ya kuni na majembe, na familia ilale juu kwa amani.